Mngurumo wa Mjukuu Wangu Niliuzima Mie

Nimekosa mie. Naanza na hilo ili msomaji asijihangaishe kunitafutia utetezi. Sina. Mtu mzima, mvi kichwa kizima, nikasema uongo mchana kweupe, na kijana wa watu akaubeba yeye.

Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo mwandiko wangu mnivumilie. Majina nimebadilisha. Kosa sijalibadilisha.

Nakaa Kiwalani na mjukuu wangu, nimwite Mwaju. Mama yake ni binti yangu wa pili, yuko Mbagala, afya yake leo nzima kesho hakuna. Mwaju nimemlea tangu anatambaa. Sasa ni dada mkubwa, anauza kwenye duka la vifaa vya simu pale Kipawa. Na anapiga gitaa.

Si gitaa la kwaya, si la dansi. La dansi ningelielewa, ujana wangu nililicheza sana, msinione hivi! Yeye anapiga kitu kinaitwa metali. Kinaunguruma kama mashine ya kusaga iliyomeza jiwe.

Siku za mwanzo nilimuuliza, "Mwaju, hilo gitaa linaumwa?"

"Haliumwi, bibi. Hiyo sauti inachafuliwa makusudi."

"Mtu na akili zake anachafua kitu makusudi?"

"Mbona wewe pilipili unaiweka makusudi na inakuunguza?"

Mtoto ana mdomo huyo! Nilipomlalamikia kwamba majirani wanasema, akanionyesha juu. Ndege ilikuwa inapita juu ya bati letu, mpaka vikombe vinacheza kabatini. "Hizo mbona hujawahi kuzisema, bibi?"

Sasa, gitaa lenyewe halitoshi. Linataka amplifaya, yaani lile boksi la kutolea sauti. Kulipata hilo boksi ilikuwa kazi! Alizunguka Kariakoo duka kwa duka. Kuna makubwa ya makanisani, bei yake unanunua pikipiki. Kuna madogo ya bei ya chini, ukiyaongeza sauti yanalia kama paka kakanyagwa mkia. Alikuwa anarudi nyumbani miguu imejaa vumbi, anakaa kizingitini, anavua viatu.

"Umepata?"

"Bibi, ninazoziweza haziumi. Zinazouma siziwezi."

Alitaka iume. Mngurumo mzito, ila kila uzi wa gitaa usikike peke yake, usiwe kelele tupu. Kwenye boksi kuna kitufe cha kuzungusha, wenyewe wanakiita geini. Ukikizungusha hicho ndiyo pilipili inaongezeka. Hayo nilifundishwa na nikayaelewa. Nayasema kusudi, msije mkaniambia bibi wa watu hakujua. Nilijua!

Mwisho akaipata kwa Joeli. Joeli ni kijana wa Mbeya aliyekuwa amepanga Mwananyamala, mpiga ngoma wa kundi lao la hiyo metali. Yeye ndiye aliyekuwa na amplifaya ya zamani, nyeusi, pembe zimechubuka, lakini inauma kama Mwaju alivyotaka. Akamuuzia kwa bei ya kirafiki, akamletea mpaka nyumbani. Akija ananiamkia huku ameinama, viatu anaacha nje. Siku moja alikuja kuifungua kusafisha vile vitufe, akamaliza, akafagia na vumbi lake. Kijana wa namna hiyo.

Siku Mwaju alipoiwasha mara ya kwanza, alicheka peke yake kama mwehu. Sijawahi kumwona anacheka hivyo tangu utoto.

Basi ikatokea mama yake akazidiwa, Mwaju akaenda Mbagala kumuuguza. Akaniachia ile amplifaya, ameifunika kitambaa. "Bibi, Jumapili nairudia, tuna onyesho Kinondoni. Kuna watu wa Nairobi wanakuja kuangalia makundi. Wakitupenda tunaenda kupiga kwao." Aliposema Nairobi macho yalimwaka.

Alhamisi Mama Saidi, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa na kitchen party, ile shughuli ya kumfunda binti yake anayeolewa. Mtu wa mziki kaingia mitini na simu kazima. Mama Saidi akaja mbio, kanga mkononi.

"Shoga, niokoe! Lile spika la mjukuu wako!"

Jamani, mtaani kwetu ndivyo tunavyoishi. Viti vyangu vinajua nyumba zote, sufuria langu kubwa limepika misiba ya watu nisiowajua. Ukinyima kitu cha shughuli, siku yako utajipikia mwenyewe na utajizika mwenyewe. Nikasema chukua. Sikumpigia Mwaju simu. Nilisema moyoni, kilichomo ndani mwangu ni changu.

Kumbe siyo! Kiti changu ni changu. Kile hakikuwa changu.

Wakachomeka kipaza sauti. Kungwi akasimama, mama mnene wa heshima zake, kajifunga kanga mbili. Akaanza, "Mwanangu, mume..." Ikatoka sauti ya simba! Ukumbi mzima uliruka. Mwingine akapiga ukelele, "Kungwi kapandisha mashetani! Leteni ubani!" Wakacheka mpaka mascara zikawatiririka. Wengine wakanigeukia mie. "Bi mkubwa, ndiyo mambo mnayofuga kwako hayo?"

Niliona aibu. Aibu ile mbaya, inayokupanda kutoka miguuni. Na Mama Saidi akamalizia, "Tena tumeliua, shoga. Halikuwa hivi, au?"

Nikasema, "Halikuwa hivi."

Uongo wa kwanza huo. Lilikuwa hivyo hivyo!

Kesho yake nikalibeba mpaka kwa fundi redio, Kipawa. Akaliwasha, akaligongagonga, akaniangalia.

"Bibi, mbona hii nzima?"

"Nzima gani inakoroma?"

"Za magitaa zingine huwa hivi. Kuna wanaoipenda hiyo koroma."

"Mie siipendi. Itoe."

"Nikiitoa hairudi, bibi."

"Kijana, umeniona nimekuja kuomba ushauri?"

Akacheka, akachukua bisibisi. Akakata vidude vidogo kama punje za mpunga. Spika ya ndani akasema imechoka, akaitoa, akaweka ya redio, ile ya zamani akabaki nayo akaiuza. Tukajaribu na simu yake. Sauti safi, kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Nilifurahi! Nilirudi nyumbani nimejitutumua. Nikaiweka pale pale, nikaifunika kitambaa. Nikajiambia mtoto atanishukuru, na majirani watapumzika.

Jumapili Mwaju akapita mbio na bajaji, akaichukua, hakuijaribu. Kwa nini aijaribu? Aliiacha kwa bibi yake.

Yaliyotokea Kinondoni alinisimulia mwenyewe aliporudi, kasimama mlangoni, gitaa mgongoni. Walipanda jukwaani. Joeli akahesabu kwa vijiti vyake, wakaanza. Watu walikuwa wanangoja radi, ikatoka kengele ya mbuzi. Alizungusha kila kitufe. Hakuna. Kila kundi lilikuja na mashine zake, waliotangulia walishafungasha zao. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Dada, umepotea, harusi ni ukumbi wa pili!" Watu wakacheka. Wale wa Nairobi wakatoka nje kuvuta sigara, hawakurudi.

"Joeli kanitapeli, bibi," akasema. "Nimeifungua kule kule. Spika siyo ile. Kaja hapa eti kusafisha, kumbe kabadilisha."

Nilikuwa nachambua mchele. Hapo ndipo mahali pa kusema. Neno lenyewe fupi, "Ni mie." Nikaendelea kuchambua mchele.

Kesho yake Joeli akaja. Akavua viatu nje kama kawaida.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

Akaigeuza ile amplifaya, akaitazama nyuma. Mwaju kasimama, mikono kiunoni, anamtukana, "Mwizi wewe! Mtu wa bara! Nilikuamini vipi?" Yeye hamjibu, anaangalia skrubu. Zilikuwa nyeusi zote, ila moja nyeupe, mpya, inang'aa. Yule fundi alipoteza moja akaweka ya kwake.

Joeli akainua macho akaniangalia. "Bibi, samahani kuuliza. Kuna mtu aliigusa hii?"

"Mie najua nini mambo ya mashine? Hakuna aliyeigusa."

Akaniangalia. Wallahi, yale macho hayakuwa ya hasira, na hilo ndilo linaloniua mpaka leo! Akaiangalia tena ile skrubu, akaweka kidole juu yake, akaufunika weupe wake. Kisha akasimama.

"Basi, Mwaju. Niwie radhi. Hela yako nitakurudishia."

"Kumbe kweli!" Mwaju akapiga kofi ukutani. "Kumbe kweli, Joeli!"

"Nimesema niwie radhi." Akanigeukia. "Bibi, naomba niende." Akavaa viatu vyake nje, taratibu, kama mtu anayetoka msibani.

Hela alirudisha yote. Kundi likafa siku hiyo. Baadaye tukasikia kahama Dar.

Nikapata ukimya wangu nilioutaka. Jamani, ukimya una uzito! Mwaju akawa anatoka kazini, anakula, analala. Wapiga muziki wengine walimfuata, akawafukuza. "Wote walewale," anasema. Mie nikawa nasali, nikifika kwenye dua maneno yananikauka. Utamwomba Mungu nini wakati kijana wa mtu kaitwa mwizi kwa mdomo wako ulioufunga?

Ningeendelea hivyo, nasema kweli. Nimezeeka, uvivu wa kusema ukweli nao unazeeka na mtu. Lakini siku moja Mwaju alikuwa ananikanda miguu, mafuta ya nazi mikononi, akasema tu, hata hakuwa na huzuni, "Bibi, duniani ninayemwamini umebaki wewe."

Nikavuta miguu yangu. Nikamwambia yote. Mama Saidi, kungwi, fundi, skrubu.

Hakupiga kelele. Alifuta mafuta mikononi kidole kimoja kimoja. Akachukua simu yangu, akaingiza namba ya Joeli, akaniwekea mkononi.

"Mpigie wewe."

"Mwaju, mie ni mtu mzima..."

"Na yeye ni mtu."

Simu ikaita. Nilitamani isipokelewe. Ikapokelewa.

"Shikamoo, bibi." Namba yangu alikuwa bado anayo!

Ile marahaba sikuithubutu. Nikamwambia, "Usiniamkie kwanza, baba. Nisikilize." Nikasema. Nilipomaliza nikasikia anavuta pumzi.

"Nilijua, bibi. Niliona skrubu."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini? Mbele ya mjukuu wako, ndani ya nyumba yako, kwamba bibi anasema uongo? Mimi nimelelewa na bibi."

Mwaju akachukua simu akatoka nayo uani. Alirudi macho makavu. Joeli yuko Tunduma, anapakia mizigo kwenye malori. Ngoma zake aliziuza ndipo akapata hela ya kumrudishia. Ndiyo, alikuwa ameshazitumia zile za mwanzo, kijana maskini, akauza ngoma zake kulipia kosa langu! Kasema amesamehe. Kasema hapigi tena.

Tulituma hela kidogo, akairudisha.

Yule fundi tulimrudia. Vidude aliweka vingine, spika ile ya zamani haikupatikana. Inaunguruma kidogo, lakini Mwaju anasema haiumi. Ameifunika kitambaa. Anapiga gitaa bila kuchomeka kitu, nyuzi zinasikika kwa mbali kama mtu anayeongea na mto wake. Mie nakaa upande wa pili wa pazia nasikiliza. Ndege ikipita simsikii kabisa, nangoja ipite.

Ananihudumia kama zamani. Chakula, maji ya kuoga, dawa za presha. Ila ile "duniani ninayemwamini" sijaisikia tena, na sitegemei.

Wazee wenzangu, nawaambia nyie hasa, vijana watajifunza kwa wengine. Kitu cha mtoto kikiwa ndani mwako bado ni cha mtoto, muulize. Hujui kinachompendeza, muulize. Umeharibu, sema siku hiyo hiyo kungali na moto, kesho ulimi utakuwa mzito kuliko jana. Na ile heshima wanayotupa watoto wa watu msiigeuze pazia la kujifichia. Kuna mtu anauza ngoma zake ili pazia lenu lisifunuliwe!

Juzi dukani kitoto cha jirani kimeniamkia, shikamoo bibi. Sikuitikia upesi. Mwenye duka akadhani sikusikia, akamwambia rudia. Kikarudia.

Nilisikia. Nilikuwa natafuta kama nastahili kuitikia.