Mkono wa Kushika Kijiko

Mtaa mzima unamwita Mama Kijiko, na wengi wanadhani ni kwa sababu ya kazi yake. Anaendesha kijiko, lile limashine la njano lenye mkono mrefu na meno, linalochimba mitaro na kubomoa nyumba. Kumbe wapi! Jina ni la zamani kuliko mashine. Alipewa akiwa darasa la tano, tena kwa ubaya.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mkuu aliingia darasani akamsimamisha asome ubaoni. Sasa yeye herufi zilikuwa zinamchezea, b inageuka d, d inageuka b, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno moja mpaka kesho. "Sauti! Wa nyuma hawasikii!" Akazidi kukwama. Mwalimu akamshika mkono, akauinua juu kama yuko mnadani. "Uangalieni mkono huu. Kalamu haiutaki. Huu ni wa kushika kijiko tu, ukoroge uji mpaka kufa!" Watoto wakacheka mpaka madawati yakalia. Kesho yake akawa Kijiko. Mwaka uliofuata hakurudi shule.

Shoka husahau, mti hausahau.

Miaka ikapita, shule ikapasuka nyufa, wanafunzi wakahamishiwa kwingine. Wakabaki popo na nyoka. Wazazi walilia na halmashauri miaka na miaka, "Bomoeni hilo jengo, litaua mtoto!" Jibu ni lile lile: bajeti hairuhusu. Halafu siku moja ukuta ukamlalia mbuzi wa diwani. Weee! Fedha za umma zikapatikana fasta, na kibao cha mradi kikasimamishwa getini.

Mama Kijiko aliposikia, alienda kwa bosi wake bila hata kunawa mikono.

"Bosi, ile kazi ya shule ni yangu."

"Si uko kule barabarani?"

"Barabara mpe mwingine. Hii nimeisubiri."

Siku yenyewe aliisugua mashine kama inaenda harusini. Kufika saa sita, madarasa yote yalikuwa chini, hata la tano. Ofisi ya mwalimu mkuu aliiacha makusudi, kama mtoto anavyoacha nyama ya mwisho pembeni ya sahani. Juu ya mlango wa ofisi kulikuwa na jina la mwalimu, aliliandika mwenyewe kwenye saruji mbichi, herufi kubwa kubwa. Ndani, tangu astaafu, alikuwa anafuga kuku.

Ndiyo kwanza ananyoosha mkono wa mashine, msimamizi akaja mbio anapunga karatasi. Nyuma yake mzee na fimbo.

"Dada, zima! Hiki chumba kinabaki. Mzee ana kuku wake humo, na diwani kaandika barua."

Mama Kijiko akazima. Kibaki? Chumba hicho, na jina hilo? Akashuka.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, binti." Hakumtambua hata chembe.

Mama Kijiko akaenda moja kwa moja mpaka kwenye kibao cha getini, akaweka kidole. Kusoma alijifundisha ukubwani, na mpaka leo ni kwa kidole. "U-bo-mo-a-ji... wa ma-je-ngo..."

"Dada, fupisha basi!"

"Subiri, wa nyuma hawasikii." Mzee akashtuka kidogo. "...yo-te. Yote! Mpaka msingi. Kwa fedha za umma. Haya msimamizi, mkaguzi akija akakuta chumba kimesimama, atamuuliza nani? Wewe au kuku?"

Vibarua wakaangua kicheko. Msimamizi akajikuna kichwa, akaikunja ile barua ikawa ndogo, ndogo zaidi, akaitia mfukoni. "Mzee, toa kuku wako."

"Binti yangu, nionee huruma. Jina langu liko pale."

"Nimeliona. Nimelisoma lote." Akamsogelea begani. "Ila mwalimu, swali moja tu. Mashine yangu hii inaitwaje?"

"Si... eskaveta?"

"Kwa Kiswahili."

Mzee akaitazama mashine. Akautazama mkono wa yule mama, mweusi kwa grisi. Akaiangalia sura. Hapo ndipo akamtambua.

"Kijiko," akasema polepole.

"Sauti! Wa nyuma hawasikii!"

"Kijiko!"

"Vizuri sana. Kaa chini."

Na kweli akakaa, jamani! Kwenye dawati bovu lililotupwa nje, magoti yamemfika kidevuni, fimbo katikati ya miguu. Mama Kijiko hakumwonea huruma wala hakujifanya. Huruma aliwapa kuku. Alisubiri wote watolewe mmoja mmoja mpaka yule wa mwisho mbishi, maana kuku hawakumkosea kitu.

Halafu akapanda, akawasha. Angeweza kuusukuma ukuta mara moja tu ukamalizika. Hakutaka. Aliuinua mkono wa mashine taratibu mpaka juu ya mlango, akaweka jino moja kwenye saruji, kama kidole. Akaanza kulikwangua lile jina, herufi moja moja, mwenyewe anatazama.

Herufi ya kwanza ilikuwa B. Hakuichanganya.