Karatasi Mgongoni mwa Kanda ya Harusi

Mchi wa kwanza ulimpata mdogo wangu sikioni. Alikuwa anaingia uwanjani akicheza, sufuria ya zawadi kichwani, ameishika kwa mikono miwili kama mjomba wa bibi harusi anavyotakiwa, kwa hiyo hakuwa na mkono wa kujikinga. Wa pili ulimkuta ameshapiga magoti. Wa tatu ulipasua kichwa. Damu iliruka mpaka kwenye gauni la binti yangu.

Aliyepiga ni mwenye mashine ya kukoboa mpunga pale Katindiuka. Jina silisemi, kule wanamjua. Msimu mzima aligombania na mdogo wangu mpaka wa majaruba ya mpunga, mwenyekiti wa kitongoji akaamua kwamba mwenye mashine ndiye aliyeusogeza. Alingoja siku ambayo mikono ya mwenzake itakuwa juu.

Tulimzika kijijini Mbingu, kwa wazazi wetu. Mashahidi wote wakawa vipofu. Mpunga wao unakobolewa kwake, watasema nini? Ikabaki kanda ya video, maana mpiga picha hakuzima kamera. Niliiangalia kwake mara moja, nikaondoka nayo. Niliogopa kuipeleka polisi ikiwa moja tu. Ifakara mjini mwenye deki mbili alikuwa mmoja, yule wa banda la video karibu na stendi, ndiye aliyekuwa akinakili harusi za watu. Nikampelekea pamoja na kanda tupu. Mbele yake nikavunja kile kidude cha plastiki mgongoni mwa kanda ya harusi, maana kikishavunjwa deki haiwezi kurekodi juu yake.

"Mama, huniamini?" akacheka.

"Sikuamini."

Kesho yake tukaiweka ile ya harusi, pale pale bandani. Kwenye kioo binti yangu akatoka, ngoma ikalia, mdogo wangu akaingia na sufuria. Halafu mpira. Watu wanafukuzana uwanjani, mtangazaji anapiga kelele. Kanda yangu nyingine, tupu vilevile. Eti alichanganya deki, mpira aliokuwa anaurekodi ukaingia kwenye kanda yangu. Nikaitoa ile ya harusi, nikaigeuza. Pale nilipovunja pamezibwa na karatasi ya gundi ili deki irekodi tena, imekatwa kwa mkasi, imekaa sawasawa. Anayechanganya deki anakata karatasi saa ngapi?

Mwenye mashine polisi walimwachia, ushahidi hakuna. Mpaka leo anakoboa.

Na wewe wa banda, bado unaniamkia shikamoo sokoni, na mimi sikuitikii. Habari za deki sitaki. Siku ile nilipotoka, nani aliingia bandani kwako, na alikwambia nini? Sema mbele ya binti yangu, kwa mdomo wako.