Kimeo cha Luhende

Mzee Ngosha, mkata vimeo, alipoingia uani kwao Buzuruga Jumamosi asubuhi, Teodora hakumwamkia. Mama mkwe wake, Bibi Tereza, aliyekuwa amevuka ziwa hadi Kamanga kumfuata mzee huyo, alimkata jicho mkamwana wake na kuuliza iwapo kwao Ukerewe watoto hawafundishwi shikamoo.

"Shikamoo hupewa mkubwa anayeacha watoto wa wenzake wakue," Teodora akajibu, akaendelea kuanika nguo.

Kisa kilikuwa kikohozi cha mwanawe, Luhende, ambaye hata miaka miwili alikuwa hajatimiza. Mwanzoni mwa mwezi ule bibi yake alimlisha karanga huku akimrusharusha magotini ili acheke. Mtoto akapaliwa, midomo ikabadilika rangi, kisha pumzi ikarudi. Tangu hapo kifua chake kilipiga mluzi na kikohozi hakikukoma. Teodora, fundi cherehani wa Mabatini, alimpeleka zahanati zaidi ya mara moja, na kila mara aliandikiwa dawa ya maji na mtu ambaye hakuinua hata macho kumuuliza kikohozi kilianzaje. Uzembe wa namna hiyo ndio unaowafungulia mlango watu wa aina ya Ngosha, nao hawangoji kukaribishwa mara mbili. Katika ukoo ule mtoto akikohoa, ni kimeo. Akitapika, ni kimeo. Akikataa ziwa, ni kimeo. Kinyama kile kidogo kinachoning'inia nyuma ya koo kilibebeshwa lawama za maradhi yote, na hukumu yake ilikuwa kisu.

Kabla ya Luhende, Teodora alimzaa Chenge. Huyo alikatwa kimeo na Ngosha huyohuyo, mama yake akiwa kwenye cherehani, akavuja damu, na Teodora aliporudi alikuta jamvi la matanga limekwisha kutandikwa. Aliambiwa kwamba bibi ndiye aliyempakata mtoto na kwamba baba yake alikuwa kazini. Aliambiwa pia kwamba ni mapenzi ya Mungu, kana kwamba Mungu ndiye aliyenoa kile kisu. Baada ya mazishi hakuna aliyemwita tena Mama Chenge. Luhende alipozaliwa, ukoo mzima ulihamia Mama Luhende kwa haraka ya watu wanaokimbia deni.

Ngosha aliketi, akafungua kitambaa chake chenye kisu kilichopinda, akaagiza mtoto aletwe. Bibi Tereza alimleta. Mzee alimpanua taya kwa mpini wa kijiko. Mtoto akapiga yowe, na kimeo kikaonekana kikining'inia, kama kinavyoning'inia kwa kila binadamu aliyezaliwa mzima.

"Mnaona kilivyorefuka?" akasema. "Baba yake aje ampakate."

Revocatus, mume wa Teodora, akavuta kigoda, akaketi. Hakuna aliyemwelekeza. Mwenyewe alitanua magoti, akampokea mtoto, akaibana miguu yake katikati ya mapaja, mkono mmoja ukazungushwa kifuani na mwingine ukashika paji la uso. Mikono ile iliijua kazi.

Teodora alidondosha nguo iliyokuwa mkononi.

"Uliniambia ulikuwa kazini," akasema.

Revocatus aliinamisha kichwa. Bibi Tereza ndiye aliyejibu, kwa sauti ya kumaliza mjadala: "Mimi nilikatwa, mume wako alikatwa, na sote tupo hapa tunakula ugali."

"Na Chenge alikatwa, Mama. Mwite naye aje ale."

Teodora alimchomoa mtoto magotini mwa baba yake, akamfunga mgongoni. Ngosha alicheka, akasema wanawake wa siku hizi hawaamini koo mpaka lipigwe picha. Bibi Tereza akamwambia mkamwana wake kwamba akitoka na mtoto yule asirudi. Teodora akatoka.

Katika hospitali kubwa ya mjini, daktari aliuliza kwanza mtoto alikuwa akila nini kikohozi kilipoanza. Wakamlaza kwa dawa ya usingizi, wakapitisha mrija kooni, wakatoa kipande cha karanga kilichovimba kwenye njia ya hewa ya pafu la kulia. Kimeo, daktari akasema, hakikuwa na kosa lolote.

Kesho yake Revocatus alifika wodini na chupa ya uji. Alieleza kwamba mama yake yuko tayari kumpokea, ilimradi amwombe Mzee Ngosha radhi. Teodora alimsikiliza hadi mwisho, mkono wake ukiwa juu ya kifua cha mtoto kilichokuwa kikipanda na kushuka bila mluzi.

"Tukiruhusiwa, ninakwenda kwa mtendaji wa kata," akasema. "Utasema mwenyewe kwamba wewe ndiye uliyempakata Chenge, au niseme mimi?"

"Yule ni mama yangu, Teodora."

"Na Chenge alikuwa nani wako?"

Revocatus aliweka uji juu ya kabati, akaondoka. Asubuhi waliporuhusiwa, Teodora alikwenda kwa mtendaji peke yake, Luhende mgongoni, akaanza maelezo yake kwa kulitaja jina la mume wake.