Kabichi ya Mama Mkwe

Leo nimejamba mbele ya kikundi kizima cha maombi, na hiyo ndiyo aibu ndogo.

Kanisa letu liko kwa mfungo wa matunda na mboga mbichi. Hakuna kupika. Mimi na kiherehere changu nikatafuna karibu nusu kabichi, mbichi hivyo, mapera juu yake. Kabichi ya shamba la mama mkwe, alituletea mwenyewe kutoka Kakamega.

Maombi yalikuwa kwangu hapa Umoja. Katikati ya wimbo tumbo likafura, likakaza. Nikajikunja chini nikilia.

"Umekula kwa nani?" kiongozi wetu akauliza.

Nikajibu ukweli. "Kabichi ya mama mkwe."

Weh. Mngeona vile walitazamana.

Wakaniwekea mikono, wakaanza kukemea. Bwanangu, mtu mzima na akili zake, akatoa simu.

"Mama, uliweka nini kwa hiyo kabichi?"

Nilitaka kumwambia, Baba Joy, hii ni gesi. Sikuwa na pumzi ya kusema.

Halafu hewa ikatoka. Yote. Watu wakashangilia, "Limetoka!" Ati pepo.

Saa hii niko sawa kabisa. Nimempigia mama mkwe nikamweleza ilikuwa gesi tu, hakuna mwenye makosa ila mimi na ulafi wangu.

Niambieni, mtu huomba msamaha wa kitu kama hiki aje?

Kwa sababu alinisikiza mpaka mwisho, akasema polepole, "Ni sawa, Mama Joy. Sitawaletea chakula tena."