Cherehani Isiyoshona

Katika karakana ya miguu bandia ambako Mukandekezi alifanya kazi kwa miaka kumi na minne palikuwa na cherehani ya kukanyaga kwa mguu, imesimama kati ya benchi la plasta na dirisha, na hakuna mgeni aliyeingia asiulize inashona nini pale. Haikushona kitu. Iliwekwa kwa ajili ya mteja mmoja tu, mzee Usumani, fundi nguo wa mtaa wa Nyamirambo, ambaye alfajiri moja akitoka msikitini aligongwa na pikipiki, akakatwa mguu wa kulia chini ya goti.

Mguu wa kwanza aliotengenezewa, mzee aliuvaa mwezi mzima akisema iko sawa. Kila alipokuja kupimwa alisema iko sawa, Dokta, Mungu akubariki, ingawa Mukandekezi hakuwa daktari na alishachoka kumrekebisha. Soksi ya kigutu chake ilikuwa nyeupe kama ya harusi. Kisha siku moja Mukandekezi akapita Nyamirambo kwa shughuli zake, akamkuta mzee barazani pa duka lake anakanyaga cherehani kwa mguu wa kushoto, ule wa bandia ameunyoosha pembeni kama mzigo aliowekewa na mtu amtunzie. Akamvua palepale, mbele ya wateja wake. Soksi ya siku hiyo ilikuwa na damu. Ile nyeupe ilikuwa ya kwendea kliniki.

Tangu hapo hakumwuliza tena kama panauma. Alimwomba cherehani yake moja kuukuu, ikaletwa karakana, na kila mguu mpya mzee aliujaribia pale. Mukandekezi alikuwa akifumba macho na kusikiliza. Mguu unaouma una mwendo wake: kanyagio hupanda, husita kidogo, ndipo hushuka. Mguu uliokaa vizuri hauchagui, unakwenda kama mvua ya Aprili juu ya mabati. Kwa namna hiyo alimtengenezea mguu wa pili, wa tatu, wa nne, na katika kazi yake yote hakuna jambo alilojivunia kimoyomoyo kama hilo, kwamba alikuwa na sikio la kumjua mtu asiyesema.

Wateja wengi walikuwa kama mzee. Nta kibazo, walisema kwa Kinyarwanda, hakuna shida, hata yule aliyeingia akichechemea. Kumlalamikia mtu aliyekuhudumia ni kama kumrudishia sahani yenye chakula.

Na yeye mwenyewe hakuwa tofauti. Kwa miaka miwili alikuwa akiiandaa safari ya Uingereza, kwa viza ile ya wafanyakazi wenye ujuzi, na katika miaka hiyo miwili hakukumbuka kama aliwahi kumwambia mtu kwamba kuna shida. Alifanya mtihani wa Kiingereza mara mbili, mara ya kwanza akikwama kwenye kuandika, yeye ambaye tangu utotoni Karagwe alisoma kila karatasi iliyofungiwa maandazi. Alitafuta upya vyeti vyake vya chuo. Aliomba cheti cha kutokuwa na hatia, akapigwa picha ya kifua kuthibitisha hana kifua kikuu, akaweka vidole vyake vyote kumi juu ya kioo, na kwa kuwa plasta ilikuwa imevila, mashine ikavikataa vitatu, ikabidi avipake mafuta na kurudia. Walipomhoji kwa kompyuta, watu wanne wa hospitali moja ya mji ambao bado alilitamka jina lake kwa woga, walimwuliza mwishoni kama ana swali. Alikuwa nayo mengi. Akasema hana.

Barua ya udhamini ilipokuja hakuruka wala hakulia. Alikaa kitandani akavua viatu.

Tena kulikuwa na kazi ya kuficha. Mumewe, Eustache, alikuwa ameamuru kwamba habari ya safari isitoke nje ya nyumba yao ya Gahanga mpaka ndege imeshatua upande wa pili. Alikuwa na sababu. Binamu yake Gratien aliagwa Kabuga kwa hotuba na maji ya baraka ya kumwaga njiani, akapewa mpaka koti la baridi, halafu viza ikakataliwa. Huu mwaka wa tatu, watu wa Kabuga bado wanamsalimia kwa kumwuliza amerudi lini. Kwa hiyo waliojua walikuwa watatu tu: Eustache, mkuu wa karakana, na Shimwa, msichana wa miaka ishirini na mitano aliyekuwa ashike meza yake. Wengine wote Mukandekezi aliwaambia tutaonana, na kila tutaonana ilimtoa jasho.

Ndege ilikuwa ya Jumanne. Alhamisi kabla yake, mzee Usumani alikuja kujaribu mguu wa tano.

Huo ndio uliokuwa umemkosesha raha kuliko vyeti vyote. Mtu wa viungo bandia haachwi mara moja. Kigutu hunywea, hunenepa, hubadilika na miaka, na kila badiliko linataka mtu wa kulijua. Nani angemjua mzee Usumani asiyesema? Alikuwa ameamua ampitishe kwa Shimwa siku hiyo, yeye akae pembeni, aone.

Shimwa alipiga magoti akamvisha mzee mguu kwa adabu. Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kila neno limepigwa pasi. Akamwuliza, kama fomu inavyotaka, maumivu yake ni kiasi gani, kuanzia sifuri mpaka kumi. Mzee akasema sifuri. Kisha, alipoona kalamu ya binti inangoja juu ya karatasi, akamwonea huruma, akamwambia basi aandike moja, isionekane hakufanya kazi.

Akatembea kati ya zile reli mbili, akarudi, akasema iko sawa. Akakaa kwenye cherehani.

Mukandekezi akafumba macho. Kanyagio likaanza polepole, likashika mwendo, na mwendo ukawa laini, haukusita wala kuruka. Mvua kwenye mabati. Mwili wake wote uliregea kwa faraja. Mguu wa mwisho umekaa. Alipofumbua macho alikuta Shimwa haangalii mashine, anamwangalia yeye, kama mwanafunzi anayengoja jibu lisomwe ubaoni.

Walipojitenga kidogo kando ya sinki, Shimwa akamwambia kwa Kinyarwanda, taratibu, kwamba alikuwa amejaribu. Mwaka mzima alikuwa akijaribu kusikia kile ambacho Mukandekezi anasikia, naye anasikia cherehani tu.

Hapo ndipo Mukandekezi alipochoka kweli. Haukuwa uchovu wa mgongo; ulikuwa ule wa mtu aliyebeba maji mlima mzima, kisha akaona ndoo inavuja. Akarudi, akavuta kibao, akakaa mbele ya mzee. Amri ya Eustache aliikumbuka vizuri, na akaivunja.

"Mzee wangu," alisema, "mimi naondoka. Nakwenda kufanya kazi Uingereza. Jumanne. Kuanzia hapo ni Shimwa, na Shimwa hasikilizi mashine, anasikiliza mtu. Usiposema, utaozea ndani ya soksi nyeupe."

Mzee Usumani aliinua mguu kutoka kwenye kanyagio, akauweka sakafuni kwa mikono miwili. Akauliza kama ni Jumanne hii. Akauliza mtoto anabaki na nani, akaambiwa Sangwa atabaki na baba yake mpaka shule zifungwe, kisha watamfuata. Akatikisa kichwa mara nyingi, kama anayepima kitambaa kwa macho.

"Haya," alisema. "Kama unaenda, wacha niseme. Hii mguu iko inauma."

"Huu mpya?"

"Huu, na ule wa nne, na ule wa tatu. Pahali pamoja."

Mukandekezi alihesabu. Mguu wa tatu ulikuwa wa miaka sita iliyopita.

"Lakini cherehani," alisema. "Nimesikia mwenyewe. Unakanyaga vizuri."

"Nilijifunza, binti yangu." Miaka yote hiyo alikuwa hajamwita hivyo. "Ulikuwa unakuja hapa umechoka, macho mekundu. Mimi nikikanyaga, unafumba macho, unatabasamu. Nikaona huyu mtu hii ndiyo raha yake. Nikafanya mazoezi nyumbani. Mke wangu ananiuliza, Usumani, unashona nini usiku bila kitambaa?"

Shimwa aligeuka upande wa dirisha. Mabega yake yalikuwa yanatikisika, na haikujulikana anacheka au vipi. Mukandekezi mwenyewe hakujua afanye lipi. Alitaka kumgombeza mzee, amwambie kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, lakini methali ilimkauka mdomoni, kwa sababu alikumbuka wale watu wanne wa kwenye kompyuta na swali lao.

Aliyesogea ni Shimwa. Alimvua mzee mguu, akavua na soksi, akakitazama kigutu ambacho nje hakikuonyesha kitu zaidi ya wekundu kidogo. Mukandekezi alikuwa tayari ameinua kidole gumba aanze kubonyeza, kama alivyobonyeza maelfu ya vigutu, hapa, na hapa, na hapa. Shimwa alikuwa anaangalia mfuko wa shati la mzee, uliokuwa na doa la bluu.

"Baba," alisema, "hiyo ni chaki?"

Ilikuwa chaki ya fundi, kipande chembamba kama kucha.

"Chora mwenyewe. Kama vile unachora kwenye koti la mteja, pahali linapombana."

Mzee aliitoa chaki akaitazama, akamtazama Mukandekezi, kama anaomba ruhusa. Kisha akainama juu ya mguu wake. Mkono ambao mbele ya fomu haukuwa na la kusema ulijua kazi yake ulipopewa chaki. Alichora duara dogo upande wa nje, chini ya goti, akachora na mstari kushuka, akaweka alama ya msalaba mahali ambapo, alisema, inaanza kuchoma saa nne asubuhi, na nyingine ambapo inahamia mchana baada ya sala. Alimaliza akapuliza vumbi.

"Hapo patoe kidole kimoja," alimwambia Shimwa, kwa sauti ya fundi kwa fundi. "Nusu kidole, usizidishe, itapwaya."

Nusu kidole haitoki kwa tupa. Shimwa alilijua hilo na Mukandekezi alilijua. Kikombe cha mguu, ile sehemu inayomeza kigutu, kilikuwa chembamba mno kuchongwa kiasi hicho. Ilibidi kuanza upya: plasta mpya, kalibu mpya, wiki mbili kama vifaa havikukosekana. Mguu wa tano ulikuwa umekufa siku ya kuzaliwa. Na wa sita ungesimama sakafuni pale Mukandekezi akiwa mbali, asiuone wala kuusikia.

Alingoja Shimwa amgeukie amwulize. Shimwa hakugeuka. Alikuwa tayari analowanisha bendeji za plasta, anamweleza mzee kwa Kiswahili chake kilichopigwa pasi kwamba itakuwa baridi mwanzoni, na mzee akamjibu kwamba baridi si kitu, lakini hilo benchi linamuumiza kiuno, kama kuna mto alete. Akaleta mto.

Mukandekezi aliachiwa rafu. Kalibu za mzee zilikuwa juu kabisa, nne za zamani na moja ya mwezi huu, vigutu vitano vya plasta vilivyoandikwa tarehe kwa penseli. Kwa desturi ya karakana, mtu anayeondoka husafisha rafu yake. Akaziteremsha moja moja, akauliza kama mzee angependa kubaki nayo hata moja.

"Vunja tu," mzee alisema kutoka kwenye benchi. "Asili yake ninayo mimi."

Kabla ya nyundo alizipitisha mkononi. Kwenye ya pili, upande wa nje, palikuwa na uvimbe mdogo wa plasta alioujenga mwenyewe ili mfupa upate nafasi. Kwenye ya tatu hapakuwa na uvimbe. Palikuwa pamepigwa tupa, pamelainishwa vizuri sana. Mwaka ule Sangwa alikuwa mdogo, nyumba ya Gahanga haijapata milango, na yeye alikuwa akitoa miguu minne kwa wiki. Mikono ilisahau mara moja tu, kisha ikawa inajinakili yenyewe. Alizivunja nne. Ya pili aliiacha mezani pa Shimwa, akaandika chini ya tarehe: hivi ndivyo.

Jioni, nyumbani, begi lilikuwa wazi juu ya kitanda. Eustache alikuwa amelipima tena kwa mzani wa kuning'iniza na kukuta bado limezidi. Mukandekezi alikaa pembeni yake akamwambia kwamba amemwambia mtu mmoja.

Eustache aliuacha mzani. Aliuliza ni nani.

"Fundi nguo wa Nyamirambo."

"Nyamirambo. Basi mpaka kesho Kabuga nzima itakuwa imejua."

"Huyo hasemi," alisema Mukandekezi. "Huyo amenificha mguu miaka sita."

Alimsimulia yote, na aliposimulia habari ya mke aliyeuliza kinashonwa nini usiku, Eustache alicheka mpaka akakaa. Yeye hakucheka. Alipomaliza, mumewe alimwuliza, kama alivyomwuliza kila jioni kwa miaka miwili, kama amechoka.

"Nimechoka," alisema. "Sana. Na naogopa."

Hilo Eustache hakuwahi kulisikia. Akasogeza nguo, akampa nafasi ya kulala.

Kabla ya kulala Mukandekezi aliingiza mkono ndani ya begi, chini ya masweta, akatoa tupa yake ya karakana, ile ambayo mpini wake ulikuwa umeliwa na kiganja chake hata hakuna mwingine aliyeweza kuishika vizuri. Alikuwa ameifunga kwa kitenge aende nayo. Aliiweka mlangoni juu ya mkoba, asiisahau asubuhi. Shimwa atatafuta namna yake ya kuishika.