Boksi Nililopanda Nalo Mgeta

Nilikwenda Mgeta kwa sababu Sista Rehema, muuguzi wa zahanati moja ya huko juu, alinipigia simu mara ya nne, na safari hii hakunisalimia. "Fundi, nina mama hapa ana mimba kubwa. Nimempiga picha kwa ile mashine ya tumbo, daktari wa mjini anataka aione ndipo aseme kama ateremke hospitali au ajifungulie hapa. Leo siku ya tisa picha haitoki. Njoo." Akakata.

Intaneti ya zahanati ile naihudumia mimi. Juu kuna mtambo kwenye mlingoti unaorusha mawimbi mpaka Mlali, na kutoka Mlali yanafika mjini. Mimi nakaa ofisini Mwembesongo, mjini Morogoro, nikiuangalia kwa kompyuta. Kila walipolalamika niliongeza nguvu ya amplifaya, yaani kile kifaa kinachokuza mawimbi kabla hayajaingia kwenye antena. Nabofya, naongeza, narudi kwenye chai yangu. Ilipofika mwisho nikaamua kwamba amplifaya yenyewe ni ndogo, inatakiwa kubwa. Na kwa goti langu hili bovu, niliomba apatikane mtu mwingine wa kuipeleka. Hakupatikana.

Saa kumi na mbili asubuhi nilidandia lori tupu lililokuwa linafuata kabichi. Dereva, Shabani, alilitazama boksi langu la chuma akacheka. "Mzee, umebeba sefu?" Nikamwambia ni nguvu ya intaneti. "Duh! Kumbe nguvu nayo ina kilo."

Mlali tulikunywa chai ya rangi na chapati, mvua ikaanza. Kutoka hapo barabara inapanda tu, kona baada ya kona, upande mmoja ukuta wa udongo mwekundu na upande mwingine hakuna kitu. Mara mbili tulishuka kusukuma. Nilikuwa nimechoka kabla sijafika, nikawa na hasira na mvua, na mlima, na Sista Rehema mwenyewe, Mungu anisamehe.

Saa sita kasoro lori lilisimama panapopakiwa kabichi. Zahanati iko juu zaidi, kwa njia ya miguu inayokatiza matuta ya karoti na njegere. Kina mama walikuwa wanashuka na matenga kichwani bila hata kutazama chini. Mimi nilikuwa natambaa. Boksi lilinikata bega, na kila nikipumzika goti linagoma kunyooka.

Pale zahanati Sista Rehema alinipokea mlangoni. "Shikamoo, fundi." "Marahaba." "Pole na mlima. Huyu ndiye Mwajuma." Kwenye benchi alikuwepo mwanamke wa miaka ishirini na kitu, kanga imefungwa juu ya tumbo, miguu imevimba. Aliniamkia, kisha akauliza, "Leo itakwenda?" Nikamjibu itakwenda, na moyoni sikuwa na hakika hata kidogo.

Nikapanda ngazi ya mlingoti. Sasa, kuna jambo ambalo fundi hufanya kabla ya kuunga amplifaya kubwa mbele ya ndogo: unashusha kwanza nguvu ya ile ndogo, maana ikiachwa juu itaiunguza mpya. Nikafungua kompyuta, nikaishusha karibu nusu. Nikashika bisibisi. Kabla sijalegeza skrubu hata moja, nikasikia Sista anapiga kelele ndani.

"Imekwenda! Fundi, picha imekwenda! Umefanyaje?"

Nilikuwa nimelikumbatia bomba la mlingoti mvua ikininyeshea, na nilikuwa nimeshaelewa. Amplifaya ina kiwango chake. Ndani ya kiwango hicho inakuza wimbi dogo na kubwa kwa uwiano uleule. Ukiilazimisha kupita hapo, madogo yanakua na makubwa yanakatwa vichwa. Ni kama spika ya harusini iliyofunguliwa mpaka mwisho: kelele mtaa mzima, maneno huyapati. Ujumbe mfupi ulikuwa unapita, ndiyo maana amri zangu zote za kuongeza zilifika. Picha, yenye mambo mengi ndani yake, ilikuwa inafika Mlali imevurugika na kukataliwa. Na kila walipolalamika, mimi nilizidi kuivuruga.

Baada ya nusu saa daktari alijibu. Kondo la nyuma limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Asijaribu kuzalia huko, ateremke leo hii.

Saa nane tulianza kushuka, Mwajuma katikati, Sista mkono huu na mimi mkono ule, boksi mgongoni. Njia iliyokuwa kavu siku picha ilipopigwa sasa ilikuwa tope. Lori lilikuwa limeshapakiwa, Shabani akatupisha kiti cha mbele. Sista alimkabidhi Mwajuma kwangu akarudi kwa wagonjwa wake.

Chini kidogo lori lilikwama. Shabani akashuka na jembe. Mwajuma alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili, macho kwenye tope.

"Ile mashine ya juu ilikuwa na nini?" akauliza.

Ningeweza kusema mvua. Ningeweza kusema ukungu, na nani angenibishia? Nilikuwa nimechoka mno kutunga uongo. "Niliiongeza nguvu kupita kiasi," nikasema. "Ilitakiwa kupunguzwa tu."

"Na kupunguza ni lazima mtu apande?"

"Hapana. Ningepunguza nikiwa ofisini."

Shabani alikuwa anachimba, jembe linasikika.

"Kule ofisini unakalia kiti?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa kwenye benchi," akasema.

Jioni tulimfikisha hospitali akiwa hajatoka damu, alhamdulillahi. Kesho yake asubuhi alipasuliwa, akapata mtoto wa kike. Nilikwenda na uji kwenye chupa, dada yake akaupokea mlangoni. Sikuomba kuingia.

Nilichojifunza ni kidogo, na kilinichukua siku nzima ya mlima: mtu akilalamika, sasa naanza kwa kupunguza. Boksi nimeliweka chini ya meza, halijawahi kufunguliwa. Kila nikivuta kiti nikae, goti linaligonga.