Kopo la Chembe na Uso wa Jerotich

Asubuhi za utoto wangu zilinukia mafuta ya kukamulia ng'ombe. Yaliuzwa katika mikebe ya bati kwenye maduka ya dawa za mifugo mjini Eldoret, na kazi yake halisi ilikuwa kulainisha chuchu za ng'ombe zisipasuke kwa baridi. Lakini nyumbani kwetu, kando ya barabara iendayo Kesses, ng'ombe walipata kidogo na sisi tukapata kilichosalia. Mama aliyachota kwa vidole viwili, akayayeyusha viganjani, kisha akatupaka kuanzia paji la uso hadi visigino kwa nguvu ya mtu anayekanda unga. Mtoto aliyetoka nje bila kung'aa alikuwa aibu ya mama yake. Upepo wa Uasin Gishu hukausha ngozi hadi miguu iwe kama imechorwa kwa chaki, na Mama, aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi, hakuwa tayari kusemwa na walimu wenzake kwamba wanawe wana miguu ya chaki. Basi tulitoka tukimeremeta, na kabla hatujafika shuleni vumbi jekundu la barabara lilikuwa limekwisha kutugandia mwili mzima. Jioni lilibanduliwa kwa kusuguliwa, na asubuhi tukapakwa upya. Hakuna aliyewahi kuuliza kama kulikuwa na njia nyingine ya kuishi.

Kusugua kulikuwa ndiyo imani ya nyumba yetu. Sufuria zilisuguliwa kwa jivu, visigino kwa jiwe la mtoni, sakafu ya saruji kwa brashi iliyobakiza nyuzi chache. Lakini kazi iliyoheshimiwa kuliko zote ilikuwa ya vibuyu vya mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Mama aliingiza ndani ya kibuyu ufito wenye ncha ya nyuzi ngumu, akausukuma na kuuzungusha, akamwaga maji, akatia mengine, mpaka maji yatoke yakiwa safi kama yalivyoingia. Ndipo alipochukua kijiti kilichochomwa hadi kikawa kaa, akakisugulia kuta za ndani, na jikoni kukajaa ule moshi mtamu ambao hadi leo hunitia njaa. Kibuyu kikisuguliwa nusunusu, maziwa huharibika, na mgeni hutambua kwa tone la kwanza ni nyumba ya namna gani aliyoingia. Mama hakukosea kuhusu vibuyu. Kosa lake, ambalo linanikera mpaka sasa, lilikuwa kuamini kwamba ngozi ya binti ni ukuta wa kibuyu.

Dada yangu Jerotich alikuwa kidato cha pili mwaka huo ninaousimulia. Nilikuwa mdogo wake kwa miaka michache, na nilimtazama kama mtu anavyotazama kilima kilicho mbele ya nyumba yao. Alikuwa na sauti. Si sauti nzuri kama wanavyosema watu kwa adabu baada ya ibada, bali sauti iliyowafanya wanaopita barabarani wapunguze mwendo. Shule yao ilikuwa imechaguliwa kuimba uwanjani siku ya sikukuu ya taifa, mbele ya mgeni wa heshima kutoka Nairobi. Wimbo ulikuwa wa kumsifu Rais na chama, kwa kuwa siku hizo hapakuwa na wimbo mwingine wa kuimbwa uwanjani, lakini ubeti wa kwanza ulianzishwa na mtu mmoja, peke yake, kabla kwaya haijapokea. Mtu huyo alikuwa Jerotich. Nyumbani hatukuzungumza jambo jingine. Mama alimshonea sketi mpya. Baba, aliyefanya kazi katika kiwanda cha nguo na kwa kawaida hakuzungumza mezani, alimwomba arudie ubeti ule kila alipomaliza chakula. Hapo ndipo, muhula wa tatu ulipoanza na mahindi kukauka shambani, chunusi zilipomtokea Jerotich kidevuni na pembeni mwa pua, kama zinavyowatokea wasichana wa umri wake popote duniani.

Zingeachwa, zingekwisha. Lakini shangazi yetu Leah alikuwa akifanya kazi ya nyumbani kwa familia ya kigeni kule Elgon View, mtaa wa matajiri mjini, na familia hiyo ilikuwa ikifungasha kurudi kwao. Jumamosi moja Shangazi alifika na sanduku la vitu alivyoachiwa: mapazia, kikaango, na kopo lenye kifuniko cha waridi lililokuwa limekwisha kutumiwa nusu. Kwenye kopo kulikuwa na picha ya mwanamke wa kizungu mwenye mashavu mororo, akicheka huku akijirushia maji usoni. Ndani kulikuwa na krimu nyeupe iliyojaa chembe za kahawia, yenye harufu ya tunda ambalo hakuna kati yetu aliyekuwa amelionja. Shangazi alilipitisha mkononi mwa kila mtu. Jirani yetu Mama Nafula, aliyetoka upande wa Bungoma na kuuza mboga sokoni, alisugua chembe kati ya kidole na gumba, akatangaza kwamba hii sasa ndiyo dawa yenyewe, kwa sababu ina meno.

Kwa kuwa nilisifiwa kwa Kiingereza darasani, niliamrishwa nisome maandishi. Nikasoma kwa sauti, nikitafsiri polepole. Krimu ilikuwa ya kusafisha uso na kuondoa ngozi iliyokufa. Ilikuwa na maji, nta, sabuni, manukato, kitu chenye kuleta ubaridi, na maganda ya kokwa yaliyosagwa. Ndizo zile chembe. Iliwafaa watu wenye ngozi ya mafuta mengi. Itumike taratibu, kwa ncha za vidole, isizidi mara mbili kwa wiki. Isitumike kwenye ngozi kavu wala yenye vidonda. Nilirudia sentensi hiyo ya mwisho kwa sababu nilimjua dada yangu: kila mwezi wa Julai, baridi ilipokaza, mashavu yake yalipasuka kama udongo wa bwawa lililokauka. Ngozi yake ilikuwa kavu na nyembamba kuliko ya mtu yeyote nyumbani.

"Kavu wapi?" Mama akauliza. "Si unaona vile anang'aa?"

Nikamwambia anang'aa kwa mafuta ya ng'ombe tuliyompaka asubuhi.

Wanawake watatu walinitazama kama nimetukana. Mama akasema kwamba aliyeandika maneno yale aliishi mahali pasipo na vumbi, na kwamba mtu wa huko akisema mara mbili kwa wiki, mtu wa Eldoret aelewe mara mbili kwa siku. Shangazi akauliza kwa uchungu kama madamu wake, mtu aliyekula kwa uma, angejipaka kitu kibaya. Nilitaka tu mtu mmoja aone kwamba uso wa madamu na uso wa Jerotich ni nyuso mbili. Kopo lilikuwa limeandikwa, limesomwa, limesikika, na halikutiliwa maanani hata kidogo. Nimekuwa mwalimu kwa miaka mingi tangu wakati huo, na sijaona kitu kinachochosha roho kuliko watu waliomwomba mtu asome, wakamsikiliza mpaka mwisho, kisha wakafanya walichokuwa wameamua kabla hajaanza.

Kazi ikaanza. Asubuhi na jioni Mama alimketisha Jerotich kwenye kigoda karibu na mlango wa jikoni, penye mwanga, akamsugua uso kwa krimu ile na kipande cha taulo kuukuu, akizungusha mkono kwa bidii ileile ya vibuyu, mpaka maji ya beseni yatoke safi. Kisha, kwa kuwa hakuna mtoto wake aliyetoka nje bila kung'aa, akampaka mafuta ya kukamulia juu yake. Siku za mwanzo uso ulitakata kweli, na Mama Nafula akaja mahsusi kuushika. Jerotich alipolalamika kwamba unamchoma, alijibiwa kwa furaha: "Inawasha? Basi iko kazini." Wiki iliyofuata ngozi ilianza kubambuka pembeni mwa mdomo. Mashavu yakawa meusi, yenye joto ukiyagusa, na chunusi zikahamia mahali ambapo hazikuwa zimewahi kufika. Hili lilichukuliwa kuwa ushahidi wa uchafu mwingi uliokuwa umejificha, kwa hiyo akasuguliwa zaidi. Mama Nafula akaleta ndimu. Shangazi akasema tatizo ni maji ya kisima. Mwanamke wa kanisani, ambaye hakuna aliyemwita, akasema ni wivu wa watu. Kila aliyeingia mlangoni alikuwa na dawa, na kila dawa iliwekwa juu ya ile iliyotangulia. Hakuna hata mmoja aliyependekeza waache.

Kilichoniumiza ni kwamba alishindwa kuimba. Sauti ilikuwa palepale, lakini ubeti ule ulitaka mdomo ufunguke wote, na kila alipoufungua ngozi ya pembeni ilipasuka. Nilimwona zizini jioni, akijifunza kuimba bila kusogeza mashavu, amejishika uso kwa viganja viwili kama mtu abebaye maji. Baba alipomwomba arudie ubeti, alisema ana mafua.

Mwalimu Wafula, aliyewafundisha kwaya, alikuja nyumbani siku chache kabla ya sikukuu. Alikuwa mtu mpole, na alikunywa maziwa yake yote kabla ya kutamka alichojia. Wakubwa wa wilaya walikuwa wamepita kukagua kwaya, soksi kwa soksi, na walikuwa wamesema mgeni wa heshima hawezi kuonyeshwa mtoto mwenye vidonda usoni. "Mama, sauti hatuna shida nayo," akasema, akitazama ndani ya kikombe kitupu. Alikuwa amekwisha kupata njia. Jerotich angesimama mstari wa nyuma kabisa, aanzishe wimbo kutoka huko. Mbele, kwenye nafasi yake, angesimama msichana aitwaye Caroline, mwenye uso laini, ambaye angefungua mdomo tu. Mama alisema asante, Mwalimu. Jerotich alichukua kikombe akaenda kukiosha, na alichukua muda mrefu sana kuosha kikombe kimoja.

Siku yenyewe tuliketi uwanjani juani, mimi kando ya Mama, tukiwa na vibendera vya karatasi tulivyogawiwa langoni. Kwaya iliingia kwa mwendo wa askari. Caroline akasogea mbele, akainua kidevu, akafungua mdomo, na sauti ya dada yangu ikatoka. Haikuwa na kasoro. Sijui ilimgharimu nini kule nyuma. Nilichoona ni kitambaa chake cha kichwa tu, kati ya vichwa. Sauti ile ilipanda juu ya vipaza sauti na juu ya watu waliokuwa wakiuza karanga, na uwanja ukanyamaza kwa namna ambayo uwanja haukunyamazia hotuba. Wimbo ulipokwisha, mgeni wa heshima aliinuka, akashuka ngazi, akampa Caroline mkono. Watu wakasimama, wakapiga makofi. Mwanamke aliyeketi kulia kwa Mama, mgeni kwetu, akafuta macho, akamgeukia na kuuliza, "Huyo mtoto ni wa nani, jameni?" Nilimtazama Mama. Alikuwa akikikunja kibendera chake, akakikunja tena, mpaka kikawa kidogo kama tiketi.

Jua lilikuwa halijazama tulipofika nyumbani. Mama alilichukua kopo lile rafuni, akaketi nje pa kuoshea vyombo, akatumia krimu yote iliyobaki kusugulia sufuria kubwa ya ugali. Sitasema uongo: ilitakata kuliko ilivyowahi kutakata kwa jivu. Kuanzia siku hiyo Jerotich alinawa kwa maji tu, si kwa sababu mtu alikuwa ameelewa maandishi, bali kwa sababu hakuna aliyekuwa na moyo wa kumgusa. Krismasi ilipofika uso ulikuwa umepona wenyewe, isipokuwa mabaka mawili meusi ya mashavuni ambayo anayo hadi sasa.

Ningependa kuandika kwamba siku hizi tuna nafuu. Binti yake Jerotich anasoma chuo kikuu na amepanga chumba huko Kesses, na dirishani mwake kuna chupa nyingi kuliko za duka la dawa. Yeye hahitaji msomaji. Anazijua asidi zote zilizomo kwa majina, anajua ipi inayeyusha ngozi iliyokufa na ipi inaingia ndani ya vinyweleo, anajua kwamba chembe za kokwa hukwaruza na kwamba ngozi kavu isichokozwe. Ananieleza haya yote mashavu yake yakiwa yamebambuka, kwa sababu anazipaka tatu kwa pamoja, asubuhi na jioni. Msichana fulani kwenye simu amesema akichomwa ajue zinafanya kazi. Nilivaa miwani, nikasoma maonyo ya chupa kwa sauti, neno kwa neno, kama nilivyosoma lile kopo. Alinisikiliza kwa heshima mpaka mwisho. "Anti," akasema, "hiyo ni ya watu wa ngozi laini. Mimi niko sawa."

Mama sasa anaishi na Jerotich. Macho yamefifia na kumbukumbu huja na kuondoka. Nilikuwa huko mwezi uliopita, asubuhi, wakati dada yangu akimwosha uso kwa kitambaa laini na maji ya vuguvugu. Anakigandamiza, anakiinua, hasugui kamwe. "Sugua, Jerotich," Mama akamhimiza. "Unaogopa nini?" Jerotich hakuongeza nguvu mkononi. Alikuwa akiimba puani bila kufungua mdomo, na sidhani kama alitambua ni wimbo gani. Mama akatulia, akainamisha kichwa kando kama anayesikiliza kitu cha mbali.

"Yule msichana aliyeimba uwanjani," akasema. "Alikuwa wa nani?"

"Alikuwa wako, Mama."

"Ndivyo nilivyomwambia yule mwanamke," Mama akasema, ameridhika.

Hakumwambia. Niliketi kando yake siku ile, na hakutamka neno. Nilikuwa nimekwisha kufungua kinywa kusema hivyo, lakini Jerotich alinitazama juu ya kichwa cha Mama, akakamua kitambaa ndani ya beseni, akaendelea kumfuta.